Safari ya Masomo ya Ng'ambo Huanza Darasa la Tano

1. Utangulizi

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi ya huko Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Matombo na Kisaki. Katika kipindi cha Jiografia niliwapa wanafunzi wa Darasa la Tano kazi ya kuandika habari za mto Ruvu. Msichana mmoja aliniletea ukurasa mzima uliopangika vizuri, hati safi, bila kosa hata moja la herufi. Nikampa alama 20 kwa 20, na daftari lake nikaliinua juu ili darasa zima lilione. Kila neno la ukurasa ule lilikuwa limetoka katika kitabu cha kiada. Nililijua hilo, na sikuliona kuwa ni kosa. Niliona ni bidii.

Mwaka 2023 msichana yule yule, sasa mwanamke wa miaka 25, aliniandikia barua kutoka Ulaya. Alikuwa amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili katika elimu ya udongo na misitu. Baada ya salamu na kuniulizia hali ya nyumbani, alinieleza yaliyomfika. Kazi yake ya kwanza ilihusu mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya milima. Alikusanya aya nzuri kutoka katika vitabu vitatu, akaziunganisha kwa uangalifu mkubwa, akapeleka. Mhadhiri alimwita ofisini. Yeye alidhani anaitwa kupongezwa. Akaulizwa: maneno haya ni ya nani? Kazi ile ikapewa sifuri, na akaonywa kwamba akirudia atafukuzwa chuoni kwa wizi wa maandishi. Mwisho wa barua aliandika: "Mwalimu, sikulaumu. Lakini usiku ule niliikumbuka kazi ya mto Ruvu."

Ilinichukua siku nyingi kumjibu. Makala hii ni sehemu ya jibu langu, ingawa naielekeza kwenu, ndugu wanachuo, ambao karibuni mtakabidhiwa Darasa la Tano lenu. Shabaha yake ni tatu: kwanza, kueleza masomo ya juu ya ng'ambo ni kitu gani na yanamtaka nini mwanafunzi, pili, kuonyesha kwamba mengi yamsumbuayo mwanafunzi huyo yana mizizi katika shule ya msingi, tatu, kupendekeza mbinu ambazo mwalimu aweza kuzitumia akiwa na ubao, chaki na mazingira ya kijiji tu.

2. Masomo ya juu ng'ambo ni nini?

Mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza aweza kuendelea na shahada ya uzamili, na baada yake shahada ya uzamivu, ambayo humpa mwenye nayo haki ya kuitwa daktari wa falsafa. Katika Uingereza uzamili wa kufundishwa darasani kwa kawaida huchukua mwaka 1. Katika Marekani mara nyingi huchukua miaka 2. Uzamivu huchukua miaka mitatu au zaidi. Nchini Marekani mwanafunzi wa uzamivu huanza kwa kusoma kozi na kufanya mitihani kabla ya utafiti, na nchini Uingereza huingia katika utafiti mapema akiwa chini ya msimamizi wake.

Njia ya kufika huko si siri. Mwombaji hutakiwa kuwa na matokeo mazuri ya shahada ya kwanza, barua za wahadhiri wanaomfahamu, maelezo ya jambo analotaka kulichunguza, na mara nyingi cheti cha mtihani wa Kiingereza. Wako wanaojilipia, na wako wanaofadhiliwa. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulitokana na mkutano uliofanyika Oxford mwaka 1959. Ule wa Marekani uitwao Fulbright ulianzishwa mwaka 1946. Na shirika la Ujerumani la DAAD lilianza mwaka 1925. Mtumishi wa umma, akiwamo mwalimu, yampasa kupata ruhusa ya mwajiri wake kabla ya kuondoka. Kadhalika ni busara kuuliza mapema katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa kuwa ndiyo itakayoitathmini shahada yake ya nje atakaporudi.

Hayo ni ya makaratasi, na mtu makini huyamudu. Ugumu huanza anapokaa darasani. Huko hufundishwa kwa semina: watu kumi au kumi na watano huizunguka meza, kila mmoja akiwa amesoma makala zile zile, na mhadhiri huuliza, "Mwandishi huyu amekosea wapi?" Mwanafunzi hapimwi kwa kukumbuka alichosema mwandishi. Hupimwa kwa kukieleza kwa maneno yake mwenyewe, kukitilia shaka kwa hoja, na kutaja kila mahali alipopata habari zake.

3. Waliotutangulia

Katika historia ya nchi yetu mfano ulio karibu na ualimu kuliko yote ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Alipata stashahada ya elimu Makerere mwaka 1945, akafundisha shule ya St. Mary's huko Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alirudi na shahada yake ya M.A. mwaka 1952, akafundisha Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Huko Edinburgh alisoma, pamoja na masomo mengine, fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia na falsafa. La kuzingatia kwetu ni jinsi alivyoitumia elimu hiyo. Hakuyarudia maneno ya walimu wake kama kasuku. Mwaka 1969 ilichapishwa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Hapo twaona mambo mawili kwa pamoja: aliyaweka mawazo aliyoyasoma katika lugha yake mwenyewe, na wala hakuficha kwamba mwenye kazi ya asili alikuwa Shakespeare.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe naye alikuwa mwalimu na mwandishi mashuhuri kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu ihusuyo falsafa ya Kiafrika na uhakiki wa fasihi. Aliporudi aliandika Nagona na Mzingile, riwaya fupi zilizowashangaza wasomaji wa Kiswahili kwa upya wake. Jirani yetu wa Kenya, Wangari Maathai, alipata shahada ya uzamili ya biolojia Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, na ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, kisha akaitumia elimu yake kuwahamasisha wanawake wa vijijini kupanda miti. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 na hakuimaliza shahada aliyoifuata, lakini huko aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1967 na kumpa jina duniani. Kwa hiyo si kweli kwamba faida ya safari ya masomo hupimwa kwa karatasi peke yake.

Watu hawa hawakufuata masomo ya aina moja. Walilingana katika jambo moja: kila mmoja aliweza kusema, "Mimi naona hivi, na sababu zangu ni hizi." Uwezo huo haununuliwi uwanja wa ndege. Mtu husafiri nao, au husafiri bila ya kuwa nao.

4. Mambo matatu yamsumbuayo mgeni

(a) Kunakili. Mwanafunzi wetu aliyenakili vitabu hakukusudia kuiba. Kwake yeye maneno ya mtaalamu yalikuwa bora kuliko yake, na kuyaandika jinsi yalivyo ilikuwa ndiyo heshima. Tulimfundisha hivyo. Kwa miaka saba alinakili kutoka ubaoni, akanakili kutoka kitabuni, akapewa alama kwa kufanana na kitabu. Chuo cha ng'ambo hakikujua historia hiyo, nacho kiliona wizi. Ubaya wa jambo hili ni kwamba mtoto aliyekuwa mtiifu kuliko wote ndiye aliyeumia kuliko wote.

(b) Kutouliza. Nyumbani Uluguru, kama mahali pengi katika nchi yetu, mtoto hambishii mkubwa. Hii ni adabu njema, na hakuna anayetaka iondoke. Lakini mtoto huichukua adabu hiyo akaigeuza kuwa sheria ya elimu: kwamba mwalimu asipoulizwa ndipo amefundisha vizuri. Afikapo kwenye meza ya semina hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ni ukosefu wa mawazo. Wakati wa maksi hukuta amekatwa kwa kutoshiriki.

(c) Lugha. Mwanafunzi wa ng'ambo husikia swali kwa Kiingereza, hulifikiri kwa Kiswahili, hutunga jibu, hulifasiri. Na anapokuwa tayari kusema, mazungumzo yamekwisha kuhamia jambo jingine. Mara ya tatu hukata tamaa. Sasa, ndugu mwanachuo, mfikirie mtoto wa Darasa la Kwanza atokaye katika kaya ya mlimani ambamo bibi yake husema Kiluguru tangu asubuhi hadi usiku. Mtoto huyo husikia swali kwa Kiswahili, hulifikiri kwa Kiluguru, hutunga jibu, hulifasiri. Na mwalimu amekwisha kumwita mwenzake. Mgeni wa Ulaya na mtoto wa Darasa la Kwanza wana tatizo moja. Tofauti ni kwamba mgeni anaweza kuandika barua akaeleza. Mtoto hawezi, bali huandikwa katika ripoti kuwa ni mzito wa kuelewa.

5. Mbinu za kufundishia

Mbinu zifuatazo nimezijaribu mimi mwenyewe, na nimewaona wanachuo wakizijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hazihitaji vifaa vya kununua.

5.1 Somo la safu tatu

Tuchukue mada ile ile iliyoniumbua: mto Ruvu. Mto huu hupata maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru, na maji yake ndiyo yanywewayo na sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam. Watoto wa Mkuyuni wanaviona kila siku vijito viteremkavyo kuufuata. Somo lagawanyika katika vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu asome aya moja ya kitabu juu ya mto, polepole, mara mbili. Kisha vitabu vifungwe. Wanafunzi wawili wawili waelezane walichosikia. Wakianza kwa Kiluguru mwalimu asiwakemee. Awape nafasi wapange mawazo, ndipo wayaseme kwa Kiswahili. Baada ya hapo kila mmoja aandike sentensi tatu bila kufungua kitabu. Mwishoni wafungue kitabu, si kwa kunakili, bali kusahihisha jambo walilolikosea.

Kazi ya nyumbani. Kila mtoto amuulize mkubwa mmoja swali moja. Katika ukoo wa Kiluguru, unaofuata upande wa mama, mjomba na bibi mzaa mama ni watu wa kuulizwa sana habari za ardhi. Swali laweza kuwa: "Zamani kijito chetu kilikuwa kikikauka wakati wa kiangazi?" Mtoto aandike jibu na jina la aliyemjibu. Njiani aangalie pia kijito chenyewe na kuandika alichokiona.

Kipindi cha pili. Mwalimu achore safu tatu ubaoni: KITABU CHASEMA, MKUBWA ASEMA, SISI TUMEONA. Majibu ya watoto yajazwe humo. Patakuwa na tofauti. Kitabu kitasema mto una maji mwaka mzima. Bibi mmoja atasema kijito cha kwao kilianza kupungua baada ya miti ya juu kukatwa. Mtoto ataeleza kwamba jana alivuka kwa kurukia mawe. Hapo mwalimu aulize: "Mbona hayalingani? Nani amekosea, au hakuna aliyekosea?" Asiharakishe kutoa jibu. Swali hilo ndilo somo.

Ukitazama vema utaona kwamba safu hizi tatu ndizo kiunzi cha tasnifu ya chuo kikuu. Safu ya kwanza ni maandishi ya wengine. Ya pili ni mahojiano. Ya tatu ni uchunguzi wa mwenyewe. Mtoto aliyezizoea tangu Darasa la Tano atakapofika chuoni hatashangazwa na chochote ila majina makubwa ya mambo anayoyajua.

5.2 Kusahihisha

Alama hufundisha kuliko maneno ya mwalimu. Ukisema "andika kwa maneno yako" kisha ukampa alama nyingi aliyenakili, watoto wataamini alama. Kwa kazi yenye alama 20 napendekeza mgawanyo huu: alama 5 kwa kueleza kwa maneno yake, 5 kwa kutaja habari aliipata wapi au kwa nani, 5 kwa swali alilolizua mwenyewe, na 5 kwa hati, tahajia na mpangilio. Kwa utaratibu huo ukurasa wa mwanafunzi wangu wa mwaka 2009 ungepata alama 5 tu, na hasara hiyo ya alama 15 ingemfaa sana.

Mwalimu naye aonyeshe mfano. Andikapo nukuu ubaoni aseme, "Hii nimeitoa katika kitabu fulani." Asimuliapo jambo alilosikia kijijini aseme amelisikia kwa nani. Watoto huiga.

5.3 Swali la siku

Pembe moja ya ubao itengwe kwa swali moja la mwanafunzi, na jina lake liandikwe chini. Swali hilo lisifutwe mpaka lijibiwe. Mwalimu asipojua jibu aseme, "Sijui, tulitafute." Wanachuo wengi huogopa neno hilo, wakidhani litawavunjia heshima. Uzoefu umenionyesha kinyume chake: watoto humwamini zaidi mwalimu ambaye akisema anajua, anajua kweli.

Ili adabu isipotee, watoto wafundishwe lugha ya kutofautiana kwa heshima. Wazoee kusema, "Samahani Mwalimu, naomba kueleweshwa," au "Nimekusikia, Mwalimu, ila mimi naona hivi, kwa sababu..." Kilicho muhimu ni yale maneno "kwa sababu". Mtoto akikataa bila sababu, huo ni ubishi. Akitoa sababu, ameanza usomi.

5.4 Kungoja

Baada ya kuuliza swali, mwalimu ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumwita mtu yeyote. Mara ya kwanza utaona kimya hicho ni kirefu mno. Usikivunje. Mtoto wa nyuma dirishani anafasiri. Mpe muda afike.

6. Pingamizi na majibu yake

Wanachuo hunipinga kwa mambo matatu, nami nafurahi wakipinga.

Kwanza husema madarasa ni makubwa. Ni kweli, mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kusahihisha insha 80 kila wiki. Basi kazi ya safu tatu ifanyike mara moja kwa majuma mawili, na mwalimu asahihishe kwa makini mstari mmoja wa madawati kwa zamu, wengine wakisahihishana kwa kufuata mgawanyo wa alama ulioandikwa ubaoni.

Pili husema mtihani wa taifa unataka majibu mafupi ya kuchagua, si maswali ya watoto. Sikatai kwamba mtihani una nguvu. Lakini mtoto aliyewahi kulinganisha kitabu, mkubwa na macho yake mwenyewe huielewa mada, na aliyeielewa hachanganyikiwi wanapobadilisha maneno ya swali. Aliyekariri hubabaika neno moja tu likibadilika.

Tatu, na hili ndilo zito, husema: "Mwalimu, katika watoto 80 wa Mkuyuni ni wangapi watakaokwenda kusoma ng'ambo? Kwa nini tuwafundishe wote kwa ajili ya mmoja?" Jibu langu ni kwamba mbinu hizi si za yule mmoja. Yule mmoja ametuonyesha tu mahali ambapo wote wamepungukiwa, kwa sababu yeye alipimwa kwa kipimo kikali. Mkulima wa mdalasini na karafuu wa miteremko hii aletewapo mkataba na mnunuzi anahitaji kusoma, kuuliza, na kujua neno hili limetoka wapi. Mama aambiwapo habari za dawa na jirani anahitaji kuuliza, "Nani amesema?" Asiyeondoka Mkuyuni maisha yake yote anazihitaji safu tatu sawasawa na aliyeko Edinburgh.

7. Habari ya kurudi

Haifai kuzungumzia kwenda bila kuzungumzia kurudi. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wetu bado wanaukumbuka: wasomi aliwafananisha na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi na msaada, amewasaliti. Mfano huo watufaa hata leo, ingawa leo kuna njia nyingi za kurudisha: wako wanaorudi wenyewe, na wako wanaofundisha au kusaidia wakiwa mbali.

Lakini kurudi peke yake hakutoshi. Milima ya Uluguru inayo habari ya kutufundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa hifadhi ya ardhi, ikawalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maana, na wataalamu walikuwa wamesoma. Hata hivyo kazi ilikuwa ngumu mno, matuta mahali pengi yalifukua udongo usio na rutuba, na wenye mashamba hawakusikilizwa. Mwaka 1955 wananchi walikataa, pakatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Wataalamu walikuwa na safu ya kwanza tu. Ya pili na ya tatu waliziacha tupu.

Msomi wetu arudipo na shahada ya udongo kutoka Ulaya anaweza kulirudia kosa lile lile kwa Kiswahili fasaha. Kinachoweza kumzuia ni tabia aliyoipata utotoni ya kumwendea bibi na kumuuliza, kisha kuliandika jibu pamoja na jina lake.

8. Hitimisho

Msomaji atataka kujua mwisho wa mwanafunzi wangu. Alipewa ruhusa ya kuiandika upya kazi yake, ingawa alama ya juu kabisa ambayo angeweza kuipata ilikuwa ni ya kufaulu tu. Safari hii alianza na nyumbani. Alieleza jinsi bibi yake alivyolima mteremkoni, akapiga simu Mkuyuni kumuuliza mambo aliyoyasahau, akaandika katika kazi yake kwamba habari hizo zilitoka katika mazungumzo na bibi, pamoja na tarehe. Kisha akavileta vile vitabu vitatu, kimoja kimoja, kwa jina la kila mwandishi, akaonyesha vinapokubaliana na bibi na vinapotofautiana naye. Alifaulu. Mwaka uliofuata alimaliza shahada yake.

Aliniambia kwamba jambo lililomtia uchungu si ile sifuri. Lililomtia uchungu ni kugundua akiwa na miaka 25 kwamba alikuwa na maneno yake mwenyewe siku zote, na hakuna aliyewahi kumwomba ayatoe. Mimi ndiye niliyekuwa naye darasani, na sikumwomba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ninyi, ndugu wanachuo, mtakuwa nao wangali wabichi. Waombeni.

Maswali ya kujadili

1. Chukua mada moja ya Darasa la Tano na utayarishe andalio la somo la vipindi viwili kwa njia ya safu tatu. Eleza wakubwa gani wa kijiji chako wangefaa kuulizwa, na kwa nini.

2. Kusanya madaftari kumi katika shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Hesabu ni sentensi ngapi zimenakiliwa na ngapi ni za mtoto mwenyewe. Jadili na wenzako mliyoyaona.

3. "Mtoto mwenye adabu haulizi." Tetea au pinga usemi huu kwa hoja, ukitaja kila habari umeipata wapi.

4. Kumbuka siku moja uliponyamaza darasani ijapokuwa ulikuwa na la kusema. Ni nini kilichokunyamazisha, na mwalimu wako angefanya nini?